Kuegesha Gari Kinyumenyume Kwenye Nafasi Finyu

Karibuni. Leo tunaegesha katikati ya magari mawili yaliyobanana, na tutaingia kinyumenyume. Wengi hutanguliza pua wakidhani ndiyo njia rahisi. Lakini matairi yanayokata kona ni ya mbele. Yakibaki nje, una uwanja wa kuligeuza gari. Yakishaingia ndani, umebanwa.

Kwanza washa indiketa, kisha shusha abiria wote. Watoto washikwe mkono, wakae mbali na gari.

Tuseme nafasi iko kushoto. Pita mbele yake taratibu, ukiacha kama mita 1 kutoka kwenye pua za magari yaliyoegeshwa. Mabega yako yakifika katikati ya nafasi, kata usukani kulia, songa mpaka gari likae mshazari. Simama. Kwenye kioo cha kushoto sasa unaiona nafasi.

Angalia pande zote, weka rivasi, anza kurudi huku ukikata usukani kushoto. Mwendo uwe wa kobe, mguu usibanduke kwenye breki. Hapa ndipo magari hukwaruzana, kwa hiyo tulia nami: kioo cha kushoto, tazama tairi lako la nyuma na kona ya bampa ya jirani. Pengo likizidi kupungua, usilazimishe. Simama, nyoosha usukani, songa mbele kidogo, rudi tena. Kusogea mara mbili tatu si kutojua kuendesha. Ndivyo gari linavyoegeshwa vizuri. Na usisahau pua: unaporudi hivi, kona ya mbele kulia inafagia nje. Kamera ya nyuma haikuonyeshi hilo, geuza shingo.

Gari likilingana na mistari, nyoosha usukani haraka. Linganisha na mistari yenyewe, si na jirani, maana jirani huenda kaegesha upogo. Tazama vioo vyote viwili: mapengo yakaribiane. Limeegemea kushoto? Songa mbele ukikata kulia kidogo, likishasogea kata kushoto linyooke, kisha rudi moja kwa moja.

Ukiweza kuchagua, tafuta nafasi ambayo nguzo au ukuta uko upande wa abiria. Mlango wako utapumua.

Vuta breki ya mkono, zima injini. Ukifungua mlango, shika ukingo wake kwa vidole usimgonge jirani, teremka, halafu kunja vioo vya pembeni.