Kaboni Ikishatoka Ardhini
Ndugu wasikilizaji, tangu mwaka 1958, mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa mlimani Mauna Loa, Hawaii, kiwango cha hewa ukaa, gesi yenye kaboni inayopasha dunia joto, kimekuwa kikishuka misitu ya kaskazini inapochipua na kupanda majani yanapoanguka na kuoza. Taabu ni kwamba hakirudi kilikoanzia. Wakati ule kilikuwa chembe 315 hivi katika kila chembe milioni za hewa. Leo kimepita 420.

Kaboni ina mizunguko miwili. Ule wa majani, udongo na maji ya juu ya bahari huenda haraka. Ule wa miamba, makaa ya mawe na mafuta huchukua mamilioni ya miaka. Sisi tunachimba kwenye huu wa pili na kumimina kwenye ule wa kwanza takribani tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka. Misitu na bahari hufyonza kama nusu, na bahari inazidi kuwa na tindikali kwa sababu hiyo. Nusu nyingine inabaki angani.

Ndiyo maana sina imani na kampuni inayochoma mafuta kisha ikajitakasa kwa kulipia msitu. Msitu ukiungua, kaboni yake inarudi angani. Misitu tuitunze, naam, lakini isiwe kibali cha kuchoma zaidi.

Mtaniuliza habari za mashine za kufyonza hewa ukaa kutoka angani. Zipo. Kule Iceland hewa ukaa huyeyushwa ndani ya maji, ikasukumwa chini kwenye mwamba wa basalti, na baada ya miaka miwili hivi sehemu kubwa imeshakuwa jiwe. Kazi safi kabisa! Lakini kiwanda kilichofunguliwa huko mwaka 2024 kilisanifiwa kunasa tani 36,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu: dunia hutoa kiasi hicho kwa nusu dakika.

Kwa hiyo tuanzie kwenye chanzo. Umeme wa jua na upepo uchukue nafasi ya makaa ya mawe, hilo sitalirefusha. Mabomba yanayovuja metheni, gesi nyingine inayopasha dunia joto, yazibwe, kwani gesi hiyo hudumu angani miaka 12 hivi tu, na nafuu yake itaonekana mapema.

Kigumu ni saruji. Hata tanuri likipata moto wa umeme wa jua, jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa ukaa lenyewe, maana kaboni imo ndani yake. Hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji. Hapo ndipo unasaji unapolipa: kwenye dohani, ambako hewa ukaa imesongamana, kabla haijatawanyika angani. Pa kuizika papo. Norway imekuwa ikiishindilia chini ya Bahari ya Kaskazini tangu 1996.