Mtoto Anayekataa Kila Kitu: Utafiti wa PDA Umefika Wapi?

MWALIMU: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji wa Kampala, Arua, Jinja na popote mlipo. Leo tunazungumzia usonji, na hasa wale watoto ambao neno dogo tu, "vaa viatu", linazua vita nyumba nzima. Mama Shamim, wewe ni nesi wa watoto. Tuanzie kwako.

MAMA SHAMIM: Asante, Mwalimu. Hali hiyo huko Uingereza wanaiita PDA, kwa Kiingereza "Pathological Demand Avoidance", yaani kukwepa maagizo kupita kiasi. Mwanasaikolojia Elizabeth Newson wa Nottingham alianza kuieleza miaka ya 1980. Aliletewa watoto waliofanana na wenye usonji, lakini hawakuingia sawasawa kwenye picha iliyojulikana wakati ule. Wanaongea, wanabembeleza, wanatoa visingizio, wengine wanajifanya paka, ilimradi wasifanye walichoambiwa. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha makala kuhusu watoto 150, wakisema hii ni hali ya kujitegemea.

MWALIMU: Inatofautianaje na ukaidi? Maana wakaidi ninao darasani.

MAMA SHAMIM: Mkaidi hukataa asichokipenda. Huyu anakataa hata anachokipenda. Namjua mtoto mmoja anayependa chapati kuliko chochote. Mama akisema "njoo ule chapati yako," anaingia chini ya meza na kuziba masikio. Mama akiacha sahani pale bila neno, akaenda kuanika nguo, akirudi anakuta chapati imeisha.

MWALIMU: Kweli?

MAMA SHAMIM: Kweli kabisa. Na ukimwangalia usoni unaona hofu, wala si jeuri. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba ukwepaji huu unaandamana na wasiwasi, na pia na ugumu wa kuvumilia jambo lisilotabirika.

MWALIMU: Basi ni ugonjwa unaotambuliwa?

MAMA SHAMIM: Bado. Haimo kwenye DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, wala kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Jonathan Green, daktari wa akili za watoto wa Uingereza, na wenzake waliandika mwaka 2018 kwamba dalili zipo, ila hazijathibitika kuwa hali ya peke yake. Mwaka 2021 wengine walipekua tafiti zote walizoweza kuzipata. Zilikuwa 13 tu, na nyingi zilitegemea maelezo ya wazazi.

MWALIMU: Hapo hapo nina hoja. Kuna lile dodoso la kupima dalili za PDA la mwaka 2014, maswali 26 anayojibu mzazi. Sasa mlete mzazi wa hapa Buganda. Binti yake amekataa kupiga magoti kumsalimu mgeni. Kwa mama huyo hiyo ni aibu kubwa, ukoo mzima utasikia. Mzazi wa Nottingham hana agizo kama hilo la kuhesabu. Majibu yao utayawekaje kwenye mizani moja?

MAMA SHAMIM: Huwezi, na ndiyo maana naheshimu sana kazi ya Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere. Yeye na wenzake hawakuchukua dodoso la nje wakalitumia lilivyo. Walichukua lile la maswali 10 la ulemavu wa watoto, wakalipanua hadi 23, wakalijaribu kwa watoto zaidi ya 1,100 wa Kampala na Wakiso. Matokeo yalitoka 2014. Hiyo ilikuwa ya usonji kwa jumla. PDA nayo inahitaji jasho la namna hiyo.

MWALIMU: Na wenye usonji wenyewe wanasemaje?

MAMA SHAMIM: Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, anauliza kwa nini kukataa kuitwe ugonjwa ikiwa mtu ana sababu ya kukataa. Mimi naegemea kwake. Kelele, sweta linalowasha, kuharakishwa: hizo ni sababu.

MWALIMU: Wasiwasi wangu ni kiboko. Sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, lakini sote tunajua fimbo bado zipo. Mtoto anayekataa kwa hofu ndiye anayechapwa wa kwanza.

MAMA SHAMIM: Na ukimchapa unamwongezea ileile hofu inayomfanya akatae. Kuacha fimbo hakuhitaji kusubiri madaktari wakubaliane kuhusu jina. Punguza amri, mpe machaguo mawili, mwambie mapema kinachofuata. Ushahidi wa mbinu hizi bado mchache, nawaambia wazazi wazi, lakini hazimdhuru mtoto.

MWALIMU: Akikua je?

MAMA SHAMIM: Huko Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, watafiti walifuatilia vijana wenye usonji, matokeo yakatoka 2015. Tisa walikuwa na dalili za PDA utotoni. Walipofika ujana, mmoja tu ndiye aliyebaki nazo kikamilifu. Ni watu wachache, lakini huwa nawaambia akina mama wanaolia kliniki.

MWALIMU: Nina mvulana darasani, zamu yake ya kufuta ubao ikifika anakimbilia nje. Kesho ni zamu yake.

MAMA SHAMIM: Weka dasta mbili mezani. Sema, "Mimi nafuta upande huu," halafu usimtazame.

MWALIMU: Asipofuta?

MAMA SHAMIM: Futa wewe, Mwalimu, muendelee na hesabu.