Kusanidi RS-485 Kati ya Arduino Mega Mbili Zinazotuma kwa Zamu

Ndugu mtazamaji, katika video hii tutaunganisha bodi mbili za Arduino Mega kwa moduli za MAX485, ili zitumiane data kwa zamu kupitia jozi moja ya waya, yaani kwa njia ya mawasiliano iitwayo RS-485.

Zima umeme kwanza. Kila upande, peleka pini ya 18, inayotuma, kwenye DI ya moduli (inapoingia data ya kutumwa), na pini ya 19, inayopokea, kwenye RO (inapotoka data iliyopokelewa), kisha ipatie moduli volti 5 na GND (ardhi ya umeme). Hapa tazama kwa makini: DE huwasha utumaji inapopewa volti ya juu, ilhali RE huwasha upokeaji inapopewa volti ya chini, na kwa kuwa zinafanya kazi kinyume, tunazifunga pamoja na kuziongoza kwa pini ya 2 peke yake. Kwa jozi ya waya kati ya moduli mbili, A iende kwa A na B kwa B, wala usizipishanishe kama ulivyozoea kwa TX (kutuma) na RX (kupokea). Unganisha pia GND za bodi zote mbili. Rezista ya omu 120 kati ya A na B hukaa kwenye ncha mbili za laini tu.

Tuje kwenye programu. Anzisha Serial1, yaani mlango wa pini za 18 na 19, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na ushushe pini ya 2 ili bodi ianze kwa kusikiliza. Unapotaka kutuma, pandisha pini hiyo, andika ujumbe kwa Serial1.write, kisha ita Serial1.flush, inayosubiri data yote itoke, kabla ya kuishusha tena. Mstari huo wa flush ndio wengi wanaouruka. Amri ya write huziweka baiti kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kuendelea na mengine, ilhali kwa kasi hii kila baiti huhitaji takriban milisekunde 1 kutoka kwenye pini, kwa hiyo ukishusha mapema ujumbe hukatika, nawe utabaki kulaumu waya. Wapo wanaotumia delay, yaani kusubiri kwa muda maalumu, badala yake. Sipendekezi, kwani muda unaofaa leo hautafaa ukibadilisha kasi au urefu wa ujumbe.

Bodi inayojibu nayo isikurupuke, bali isubiri milisekunde chache ili mwenzake awe amekwisha kurudi kusikiliza. Modbus RTU, kwa mfano, ambayo ni itifaki ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani, hutaka laini inyamaze kwa muda wa herufi 3.5, yaani karibu milisekunde 4 kwa kasi hii.

Washa umeme, tuma neno moja, ulisome kwenye kompyuta kupitia USB ya bodi ya pili. Zikija herufi zisizosomeka, badilishanisha A na B upande mmoja, kwa sababu watengenezaji hawaziandiki kwa namna moja. Jaribio hilo haliunguzi moduli.