Pompeii kwa Siku Moja: Mwongozaji Akiondoka, Nyoosheni Mashariki

Habari zenu nyote mlio Dar, Mombasa, Goma, popote mnaponitazama. Mlima ule nyuma yangu ni Vesuvio, mita 1,281, na mawe haya ninayoyakanyaga ni barabara ya Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa mwaka 79. Wengi mmeuliza ziara ya siku moja na mwongozaji inakwendaje. Sikilizeni.

Tiketi kwanza. Tangu Novemba 2024 kila tiketi ina jina la mwenyewe, na wanaoruhusiwa kuingia kwa siku hawazidi 20,000. Sisi wenye majina matatu tuwe makini: yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe muwe nayo. Begi lisizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, lakini kwa umati ule mwongozaji hamtamsikia vizuri; chagueni siku nyingine.

Mkiwa Napoli, teremkeni chini ya stesheni kuu hadi Garibaldi, mpande treni ya Circumvesuviana inayokwenda Sorrento. Hujaa sana, kwa hiyo pochi ikae mbele. Mtashuka Pompei Scavi – Villa dei Misteri, na lango la Porta Marina liko hapo hapo. Wanaopotea ni wale wanaoona neno "Pompei" tu wakashuka: kuna stesheni nyingine zenye jina hilo upande wa mji wa sasa, na ukifika huko kundi lako limeshaingia.

Kabla ya kumlipa mwongozaji, angalia kitambulisho chake cha kazi. Kisha uliza mambo matatu: bei ina tiketi ndani yake? Kundi ni la watu wangapi? Mnapewa vipokea sauti?

Sasa jambo la msingi, kwa sababu bila kulielewa mtaona kuta tu. Ndugu zetu wa Goma wameiona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini mwaka 2002, na tena ikifika pembezoni mwa mji 2021. Pompeii haikufukiwa na lava. Vesuvio ulirusha juu majivu na mawe mepesi yenye vitundu, ya aina ile tunayosugulia nyayo. Upepo ukayaleta huku, yakanyesha kwa saa nyingi hadi mapaa yakaelemewa na kuporomoka. Asubuhi ya pili likashuka wingu la gesi na majivu ya moto, likikimbia juu ya ardhi. Hilo ndilo lililowaua waliobaki. Majivu laini yakaishika miili, yakagandamana. Nyama ikaoza, pakabaki uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, mwanaakiolojia aliyesimamia uchimbaji, akaanza kumimina plasta kwenye nafasi hizo, akaiacha igande, ndipo akachimba pembeni. Kwa hiyo mnachokiona si sanamu ya kuchonga. Ndani ya plasta ile mna mifupa ya mtu. Tafadhali, tukifika pale tupunguze sauti.

Ziara za saa mbili huzunguka magharibi: uwanja wa mji, mabafu, danguro, duka la chakula lenye mitungi iliyojengewa kwenye kaunta. Mwulizeni awapitishe kwenye kiwanda cha mikate, mwone mawe ya kusagia yaliyotengenezwa kwa mwamba wa volkano na tanuri kando yake. Barabarani tazameni mawe makubwa ya kuvukia: yamepangwa magurudumu ya mikokoteni yapite katikati, na mtu avuke bila kukanyaga maji machafu.

Mwongozaji akiaga, msitoke. Fuateni Via dell'Abbondanza kuelekea mashariki, karibu kilomita moja. Huko watu ni wachache, na ndiko uliko uwanja wa mapambano, uliokuwapo kabla hata Kristo hajazaliwa, pamoja na Orto dei Fuggiaschi, bustani yenye maumbo ya plasta ya watu 13 walionaswa na majivu wakikimbia. Kwangu mimi, hapo ndipo mahali pazito kuliko pote.

Vaeni raba zenye soli ngumu. Mawe haya yana mabonde na yanateleza. Beba chupa, mabomba ya maji yapo. Kivuli hakuna, basi kofia ni lazima. Nyumba nyingine hufungwa kwa zamu, kwa hiyo ukipendezwa na moja mtandaoni, uliza langoni kama leo iko wazi.

Kupanda kreta, yaani shimo la kileleni mwa Vesuvio, siku hiyo hiyo sishauri. Tiketi yake hununuliwa mapema mtandaoni kwa saa maalumu, mabasi huishia karibu mita 1,000, kisha mnapanda kwa miguu juu ya changarawe inayoserereka. Ukichelewa Pompeii, saa yako ya kreta imepita.

Kutoka, tumieni lango la Piazza Anfiteatro. Zile stesheni za mji wa sasa nilizowaonya asubuhi, jioni ndizo zilizo karibu nanyi, na treni za kurudi Napoli zipo.