Ruzuku ya 504 si ya kila mtu, na mkopo wake msiukimbie

Haya jamani, nyuma mnanisikia? Sawa tuendelee. Nimebakiza ule mpango wa kifungu cha 504, wa kukarabati nyumba huko Marekani, unaosimamiwa na wizara ya kilimo ya huko, na unatoa vitu viwili, ruzuku na mkopo. Najua mtu atasema kilimo na nyumba wapi na wapi, ni kwamba sheria ya nyumba ya 1949 iliwapa wao kazi ya nyumba za vijijini na mpaka leo wanayo.

Sasa shida yetu watu tukisikia ruzuku masikio yanasimama, tukisikia mkopo tunatafuta mlango. Mimi nasema hapa angalieni vizuri. Ruzuku mwisho wake kwa kawaida ni dola 10,000, na hiyo ni ya maisha yako yote sio ya kila mwaka, alafu lazima uwe na miaka 62 au zaidi na uwe huwezi kulipa mkopo, na pesa ni ya kuondoa hatari tu, yaani nyaya za umeme zilizochakaa, paa linalotaka kuanguka, vitu vya afya na usalama, ukitaka kabati jipya la jikoni sahau. Na ukiuza nyumba kabla ya miaka 3 unarudisha hela. Kwa hiyo mama wa miaka 40 mwenye watoto watatu na paa linavuja, ruzuku hii hapati, hata alie vipi.

Ila mkopo anaweza kupata. Unafika dola 40,000, riba asilimia 1, miaka 20 ya kulipa. Nimepiga hesabu, ukichukua zote ni kama dola 184 kwa mwezi, na riba yote mpaka unamaliza ni dola elfu 4 na kitu hivi, hebu nitajieni benki inayokupa hivyo! Na huu unakarabati, unaboresha, hata kabati lako lile linaingia.

Masharti: nyumba iwe yako na unaishi humo (mpangaji hapana), iwe eneo linalohesabika la vijijini, kuna ramani yao unaweka anwani inakwambia, na kipato kiwe cha chini sana, yaani kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lako (kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini). Alafu lingine ambalo mimi hunichekesha, uwe umeshindwa kupata mkopo wa bei nafuu kwingine, kwa hiyo ile barua ya benki kukukatalia msiitupe kwa hasira, itakufaa.

Wazee wa 62 wanaoweza kulipa kiasi fulani tu wanachanganya vyote viwili, kwa kawaida inafika dola 50,000. Maombi wanapokea mwaka mzima ila bajeti inapitishwa na bunge lao kila mwaka, kwa hiyo pesa inaweza kuwa imeisha ukafika, unasubiri. Haya, maswali, tuanze na dada pale.