Giannakis: alifunga pointi 73 akashindwa, miaka 25 baadaye akaitoa Marekani

Habari zenu ndugu zangu, wa Dar, wa Arusha, wa Mombasa, na popote mnaponitazamia. Leo niko Nikaia, upande wa Piraeus, jirani kabisa na Athens. Huku walipewa makazi Wagiriki waliokimbia Asia Ndogo, Uturuki ya leo, mwaka 1922. Nimekuja kwa sababu kila nikigusia kikapu cha Ugiriki mnaniandikia Antetokounmpo, Antetokounmpo. Sawa, yule nyota wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, tunampenda sote. Ila kuna mtoto wa hapa Nikaia ambaye vijana wetu wanaocheza pale Don Bosco Upanga wanapaswa kumjua: Panagiotis Giannakis, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1959. Wagiriki wanamwita Joka.

Sasa sikilizeni hii. Januari 1981, timu ya mtaani kwake, Ionikos, inacheza na Aris ya Thessaloniki. Giannakis anafunga pointi 73. Peke yake! Upande wa pili yuko Nikos Galis, Mgiriki aliyekulia New Jersey, naye anatia 62. Na mjue enzi hizo kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazikuwa na mtupo wa pointi tatu, ulikuja 1984. Mechi inaisha 114 kwa 113, Aris wanaondoka na ushindi. Pointi 73, na bado umefungwa.

Mwaka uliofuata Boston Celtics walimchagua kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi ya tisa, lakini NBA hakucheza. Badala yake, mwaka 1984, akahamia Aris. Kwa Galis yule yule!

Hapa naomba mtulie, maana kwangu mimi maisha yake yote kama kocha yanaanzia hapa. Mtu aliyezoea kufunga yeye anaingia kwenye timu ambayo mfungaji tayari yupo, tena mfungaji hatari kuliko wote Ulaya. Wangeweza kugombania mpira mpaka timu ikavunjika. Giannakis akachagua kazi nyingine: kupandisha mpira, kumkaba mtu mgumu wa timu pinzani, kumlisha Galis mahali anapopataka. Aris wakabeba ubingwa wa Ugiriki kila mwaka kuanzia 1985 hadi 1991.

Timu ya taifa ikawa hivyo hivyo. Juni 1987, fainali ya Ulaya, hapa hapa Piraeus, Ugiriki na Umoja wa Kisovieti wanakwenda muda wa nyongeza. Galis ana pointi 40. Zimebaki sekunde chache, Argyris Kambouris anapewa mitupo huru miwili, anaitia yote. 103 kwa 101. Nahodha aliyeinua kombe ni Giannakis. Mzee yeyote hapa ukimtajia usiku ule, kahawa yake itapoa akikusimulia.

Aliendelea kucheza mpaka 1996, akamalizia na Panathinaikos waliotwaa ubingwa wa vilabu Ulaya kule Paris kwa kuwazidi Barcelona pointi moja, 67 kwa 66.

Akawa kocha. Mwaka 2005, Belgrade, akaipa Ugiriki kombe la Ulaya la pili, wakiwafunga Ujerumani 78 kwa 62. La kwanza kama nahodha, la pili kama kocha. Lakini mechi yangu mimi ni ya tarehe 1 Septemba 2006, nusu fainali ya dunia, Saitama, Japani. Marekani wana LeBron James, Dwyane Wade, Carmelo Anthony. Kikosi cha Giannakis hakina hata mmoja anayecheza NBA wakati huo.

Marekani wakatangulia kwa pointi 12. Wagiriki wakarudia mchezo mmoja tu, tena na tena: mtu mrefu anasimama kumzuia Mmarekani anayemkaba Papaloukas, mpandisha mpira wa Ugiriki, Papaloukas anapita na mpira, yule mrefu anageuka mbio kuelekea kikapuni, pasi inamkuta. Wamarekani hawakupata dawa. 101 kwa 95! Papaloukas pasi 12 za kufungisha, Spanoulis pointi 22. Baada ya mechi kocha wa Marekani, Mike Krzyzewski, alikuwa akiwataja Wagiriki kwa namba za jezi, si kwa majina. Iliniuma kusikia hivyo.

Kwenye fainali Hispania waliwapiga Wagiriki 70 kwa 47, kipigo kikubwa, sitawaficha. Baadaye Giannakis akafundisha Olympiacos, Limoges ya Ufaransa, hata timu ya taifa ya China.

Makocha wa vijana mnaonitazama, nina ombi. Itafuteni ile mechi ya Marekani mwangalie robo ya tatu pamoja na wachezaji wenu. Msifuate mpira. Mfuateni Sofoklis Schortsanitis, yule jamaa mkubwa ambaye mama yake ni Mkameruni, mwone anavyoweka mwili, anavyogeuka, na mikono yake inavyokuwa tayari kabla pasi haijatoka. Kisha niandikieni hapo chini wachezaji wenu walichokiona.