Tafuta malaria kwenye kurasa za mwisho: mazungumzo na wajawazito kuhusu vitabu

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Dada zangu mliofika tangu saa mbili, poleni kwa kungoja. Na nyinyi akina baba mliokaa nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana mengi ya leo yanawahusu. Mara nyingi nyinyi ndio mnaonunua hivi vitabu.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya wajawazito miaka mingi, lakini ninachotaka kuwaeleza kilianza kabla sijasomea kazi hii, wakati nilipokuwa karani na mimba yangu ya kwanza.

Wifi yangu aliyekuwa akiishi Uingereza aliniletea kitabu. Kitabu kizuri kweli, karatasi nene zinazong'aa, picha za rangi, kila wiki ya mimba ina ukurasa wake. Nikakisoma usiku na mchana. Nikajua nisile jibini laini, nisisafishe kinyesi cha paka, nisile maini. Mama mkwe alikuwa akininunulia maini kila Ijumaa ili niongeze damu, na mimi nikawa ninamrudishia sahani, kisa kitabu kimekataza. Mimba ilipofika miezi mitano nikashikwa na homa. Nikakifungua kitabu changu, nikatafuta mbele, nikatafuta nyuma. Neno malaria halikuwemo. Homa iliyoelezwa mle ni ya mafua, basi nikajifunika shuka siku mbili nikingoja mafua yaishe. Nilipofikishwa hospitali nilikuwa sijitambui vizuri, na damu imeshuka hadi 7. Mwanangu alizaliwa na kilo 2.1. Ni mtu mzima sasa, Mungu amemtunza, ila bado ninakikumbuka kile kipimo kwenye mzani.

Kitabu kile hakikuandika uongo. Kiliandikwa kwa ajili ya mwanamke wa London, ambako mbu hawaambukizi malaria. Maini yana vitamini A nyingi, na kiwango kikizidi sana kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, ndiyo maana Waingereza huwakataza wajawazito wao. Kwetu, jambo linalotusumbua kliniki kila siku ni upungufu wa damu, na wauguzi wetu huhimiza maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Mashauri yote mawili yana sababu zake. Kosa langu lilikuwa kuyachukua mashauri ya nyumba nyingine nikayaleta kwangu bila kuuliza.

Kwa hiyo, ukikutana na kitabu cha mimba, dukani au kwenye vile vya mtumba vinavyotandazwa chini juu ya turubai, usianze na jalada. Geuza nyuma kabisa, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake, utafute malaria. Ikiwemo, fungua ukurasa huo usome kinachosemwa. Kinataja chandarua chenye dawa? Kinataja vidonge vya SP vya kukinga malaria, vinavyoanza mimba ikifika wiki 13 na kurudiwa kila baada ya mwezi, angalau mara tatu? Kama malaria haimo kabisa, kitabu hicho unaweza kukinunua kwa ajili ya picha za mtoto anavyokua, na picha hizo huwa nzuri. Ila usikifanye mshauri wako.

Baada ya hapo nenda mwanzo, kwenye ule ukurasa wenye maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma, uangalie mwaka. Nakaa hapa kidogo, kwa sababu vitabu vya afya vinazeeka, na kikizeeka hakikuambii.

Kitabu cha miaka ya 1980 kitamwambia mjamzito anywe klorokwini kila wiki. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, kwa sababu vijidudu vya malaria vilikuwa vimeizoea. Kitabu cha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinaweza kumwambia mama mwenye virusi vya UKIMWI asimnyonyeshe mtoto, ampe maziwa ya kopo. Leo mama anayetumia dawa zake vizuri anashauriwa kunyonyesha. Hebu fikirieni mama anayeishi na virusi, hana fedha ya maziwa ya kopo, hana maji safi, amekaa na kitabu cha zamani mapajani kinamwambia ziwa lake ni hatari. Nimewahi kukaa na mama wa namna hiyo. Mtoto analia kwa njaa, maziwa yanamdondoka mama yanalowesha kanga, naye anaogopa. Tuliongea saa nzima kabla hajampa ziwa, na alipompa alilia yeye kuliko mtoto.

Kuna alama moja rahisi ya kupima umri wa kitabu. Angalia kinasema uhudhurie kliniki mara ngapi. Kikisema mara nne, kinafuata mwongozo wa zamani. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mara nane au zaidi, na ya kwanza kabla mimba haijapita wiki 12.

Wazee hapa watakuwa wanakijua *Mahali Pasipo na Daktari*. Kitabu hicho kilitokana na kazi ya David Werner na wanakijiji wa milimani Meksiko, kwa ajili ya watu walio mbali na hospitali, na ndiyo sababu kinasomeka kwetu kana kwamba kimeandikwa hapa. Michoro yake mtoto wa darasa la nne anaielewa. Ninakipenda na ninakitumia. Lakini ukiwa na toleo la zamani, kurasa za dawa usizifuate mpaka umemwonyesha muuguzi.

Dada mwenye kilemba cha kijani ameinua mkono. Sema, mwanangu.

Anauliza, kati ya vitabu viwili vipya vyenye malaria ndani, achague kipi? Swali zuri. Soma ukurasa wa dalili za hatari. Tuchukue maumivu makali ya kichwa, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba. Kitabu kimoja kitaeleza mambo mengi, kwamba uchovu ni kawaida, kwamba unyanyue miguu, unywe maji, na chini kabisa kinataja daktari. Kingine kitasema: hii inaweza kuwa presha inayoelekea kwenye kifafa cha mimba, nenda hospitali sasa hivi hata kama ni usiku. Chukua hicho cha pili. Kifafa cha mimba kina sindano ya kukizuia, magnesiamu salfeti, lakini sindano hiyo iko hospitali, haiwezi kukufuata kitandani. Vivyo hivyo kutokwa damu, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Mwandishi anayekuharakisha kutoka nyumbani kwako ndiye anayekutakia mema.

Vijitabu vinavyouzwa pamoja na dawa, vya mizizi ya kuongeza uchungu na kadhalika, viacheni huko huko sokoni. Uchungu ukisukumwa na dawa isiyopimwa, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Na wale wanaonunua udongo wa kutafuna, njooni kwangu baadaye tuongee, sitawagombeza.

Sasa, wapo wanaosema hawana fedha ya kitabu, au Kiingereza kinawapiga chenga. Toeni kadi zenu za kliniki. Ndiyo, sasa hivi, zitoeni. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha mimba, na kina jina lako juu yake. Wajapani walianza mwaka 1948 kumpa kila mjamzito kijitabu kimoja cha mama na mtoto, na mtindo huo umesambaa nchi nyingi. Majirani zetu Kenya nao wanacho chao. Kwetu ni kadi. Nyingi ninazoziona zimekunjwa mara nne ndani ya pochi, mwenyewe hajui kilichoandikwa. Tazama mstari wa wingi wa damu. Hudhurio lililopita ilikuwa ngapi, na hili ni ngapi? Inapanda au inashuka? Presha je? Usipoelewa mwandiko wa muuguzi, muulize palepale kabla hujainuka kwenye kiti. Una haki hiyo. Na akina baba, someni kadi ya mkeo kama unavyosoma stakabadhi ya mzigo wako, halafu mkae muandike pembeni nani ana gari usiku, nani atachangia damu, nauli imewekwa wapi.

Nimesema sana juu ya hatari, na sitaki mwende nyumbani na hofu. Kuna vitabu vinavyoorodhesha kila ugonjwa uliopo duniani. Ukiona kinakunyima usingizi, kifunge, mpe muuguzi kazi ya kukumbuka hayo. Soma riwaya. Soma Kurani au Biblia yako. Soma mashairi, tena kwa sauti.

Kwa nini kwa sauti? Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Spence, walitoa matokeo ya jaribio lililonifurahisha sana nilipolisoma chuoni. Waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja ya watoto kwa sauti, mara mbili kwa siku, wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa wakapewa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti, kiasi kwamba mtoto akibadili mwendo wa kunyonya anasikia hadithi ile au nyingine. Wakachagua ile ya tumboni, hata iliposomwa na mwanamke mwingine. Maneno hawayajui, ila mapigo yake walishayazoea.

Sisi tuna utajiri wa mapigo hayo. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye mgonjwa, aliutia katika mizani nane nane na vina vinavyorudi, ili ukae masikioni. Mimba yangu ya pili niliisomea utendi huo kila jioni, nimeketi barazani miguu kwenye beseni la maji, na mtoto alikuwa akitulia nikianza na kupiga teke nikinyamaza.

Bibi yetu aliyekaa pale dirishani anaujua kwa moyo, na amekubali kutusomea beti kumi kabla ya chai. Wenye mimba ya miezi sita na kuendelea, leteni viti vyenu huku mbele, karibu naye. Bibi, karibu.